Mbolea ya Umma, Daftari la Siri

Nitauliza swali moja tu, na nitaliuliza hadi anayepaswa kulijibu achoke kujificha: msimu uliopita, hapa Trans Nzoia, nani alichukua mbolea ya ruzuku, na alichukua mifuko mingapi?

Siulizi ni mifuko mingapi iliyoshushwa Kitale. Hiyo tunatangaziwa kila mwaka. Waziri huja, husimama mbele ya lori, hutaja mamilioni ya mifuko kwa nchi nzima, wabunge hupiga makofi, na jioni tunaonyeshwa kwenye taarifa ya habari kana kwamba mtu ametoa zawadi mfukoni mwake. Mimi nauliza majina. Nataka kujua mfuko ulipovuka lango la ghala uliishia kwenye shamba la nani: Endebess au Kachibora, Kiminini au Kwanza, la mjane wa ekari moja na nusu au la bwana anayelima ekari mia tatu na kukaa Nairobi. Jibu lipo. Limo katika kompyuta ya serikali, limepangwa kwa jina, kwa kitambulisho, kwa nambari ya simu, kwa wadi na kwa ekari. Serikali inalijua, bodi ya nafaka inalijua, karani wa ghala analijua. Asiyelijua ni yule aliyelipa.

Wasije wakasema napinga ruzuku. Naiunga mkono, tena kwa nguvu. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei, mfuko wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000, na wapo watu wa kaunti hii waliopanda mbegu bila chembe ya mbolea wakavuna majani. Serikali mpya ilipoingia Septemba mwaka huo ikasema ruzuku ya unga ni hasara, pesa ziende shambani, ikashusha mfuko wa kilo 50 kutoka 6,500 hadi 3,500. Agosti 2023 ukashuka tena hadi 2,500. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na anayeubeza hajawahi kusimama dukani mwezi wa tatu akihesabu noti zinazokataa kutimia. Lakini jambo jema lifanywalo kwa pesa za watu halipati ruhusa ya kufanyiwa gizani eti kwa sababu ni jema.

Hebu tufanye hesabu, na tuifanye polepole kwa kuwa hapa ndipo penye mambo. Bajeti ya 2024/25 ilitenga shilingi bilioni 10 kwa mbolea ya ruzuku. Ya 2025/26 ikatenga bilioni 8. Wizara yenyewe inajisifu kwamba imesajili wakulima zaidi ya milioni 6. Chukua ule mwaka mnono, gawanya bilioni 10 kwa watu milioni 6: kila mmoja anaangukiwa na shilingi 1,600 na ushei. Sasa tazama tofauti kati ya bei ya duka na bei ya bodi. Ilikuwa ikicheza kwenye elfu tatu, elfu nne kwa mfuko. Maana yake fungu la kila mkulima aliyesajiliwa Kenya ni ruzuku ya nusu mfuko. Nusu mfuko! Huo haupandi ekari moja ya mahindi, sembuse kuikuzia.

Kwa hiyo mtu anayetoka ghalani na mifuko 20, hata kama ametoka nayo kihalali kabisa, stakabadhi mkononi, amebeba fungu la watu 40. Huenda ana sababu. Huenda analima sana, analisha wengi, na vocha hufuata ekari zilizoandikwa kwenye usajili. Sisemi ameiba. Nasema hao wengine 39 wana haki ya kumjua, wana haki ya kuuliza kama hizo ekari zipo kweli, na wana haki ya kumwambia mbunge wao kwamba utaratibu wa kumpa mwenye ardhi nyingi mbolea nyingi na mwenye ardhi kidogo foleni ndefu hawaupendi. Mjadala huo hatuwezi kuufanya. Hatuna karatasi ya kuufanyia.

Tunaambiwa: mambo sasa ni ya kidijitali. Ni kweli, na nitaipa serikali haki yake. Zamani tulikuwa na fomu ya chifu. Ulikwenda kwa chifu, ukaenda kwa afisa wa kilimo, ukarudi kwa chifu kwa kuwa muhuri haukuonekana vizuri, na kila kituo kilikuwa na mlango wake wa nyuma. Mwaka 2023 wakulima wakasajiliwa upya katika mfumo unaoitwa KIAMIS, na leo ujumbe unaingia kwenye kabambe yako ukikuambia una mifuko mingapi na ukachukue wapi. Ni hatua. Mabroka wengine walilia siku hiyo, na machozi yao yalinifurahisha.

Ila mfumo huo uliondoa kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaja kwenye hotuba. Fomu ya chifu, pamoja na uchafu wake wote, ilikuwa ya hadharani. Watu walikuona ukiingia. Walijua chifu ametia sahihi kwa nani, na aliyesema ana ekari 50 ilhali ana mbili alichekwa palepale chini ya mwembe, kwa sababu majirani wanajua mpaka wa shamba lake unapoishia. Sasa ekari 50 za uongo zinakaa ndani ya kompyuta kimya kimya, msimu baada ya msimu, na kompyuta haina jirani. Tumehamisha siri kutoka kwenye droo ya ofisi hadi kwenye mashine, kisha tukaita huko kuhama uwazi.

Kaunti hii inajua ruzuku ya wachache kuliko kaunti yoyote nchini, kwa sababu ilizaliwa nayo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliigawa Trans Nzoia kwa walowezi, wengi wao wanajeshi waliotoka vitani. Walipoanza kulima mahindi hawakuachiwa soko liwakate makali. Mwaka 1942 ikatungwa sheria ya kuongeza mazao iliyowahakikishia kipato cha chini kwa kila ekari waliyoilima: mvua ikigoma, hazina inalipa. Na ni nani waliokaa katika kamati za wilaya za kusimamia uzalishaji? Walowezi haohao. Mwaka huohuo wa 1942 udhibiti wa mahindi ulianza, na Mwafrika akawekewa bei ya chini kuliko ya Mzungu kwa punje ileile, ya rangi ileile, iliyosafirishwa kwa reli ileile. Watu waliolipa kodi ya kibanda walikuwa wakiwatunza mabwana waliowanyang'anya ardhi, wala hawakuonyeshwa hesabu.

Uhuru ulipokuja, mpango ule haukufa. Ulibadilisha wenyewe. Mashamba makubwa yakaingia mikononi mwa wakubwa wapya, mikopo ya msimu ikatolewa kwa dhamana ya serikali, sehemu kubwa haikurudi, hadi mpango ukachoka na kuachwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliokopa hawakutangazwa. Watoto wao leo wanatuhutubia kuhusu bidii ya kazi.

Nenda karibu zaidi, mwaka 2018. Msimu wa 2017/18 bodi ya nafaka ilikuwa ikinunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200, bei iliyozidi ya soko, kwa hiyo nayo ilikuwa ruzuku kwa jina jingine. Iliwekwa kwa ajili ya mkulima. Mkulima alilala kwenye foleni, trekta na trela nje ya ghala, kwa siku nyingi, anaota moto wa magunzi. Waliolipwa kwanza, tena mamilioni, walikuwa wafanyabiashara. Wengine hawakuwa na hata mche mmoja wa mahindi, na mahindi waliyouza yalisemekana kuvuka mpaka. Wakulima wa kweli wakadai mabilioni, watoto wakarudishwa nyumbani kwa karo. Mkurugenzi mkuu wa bodi akajiuzulu Mei 2018, Seneti ikaunda kamati, tukasikia msamiati mpya wa wakulima hewa.

Jiulize wizi ule ulivunjwa na nini. Haukuvunjwa na mkaguzi aliyeamka mapema wala na kamera ya ghala. Ulivunjwa pale watu walipoanza kudai kuonyeshwa ni nani aliyelipwa. Jina lilipotajwa na kiasi kikatajwa pembeni yake, hapakuhitajika mpelelezi. Mwanakijiji wa Cherangany aliweza kusema, huyu simjui, huyu hana shamba, huyu ni shemeji ya fulani. Kama orodha hiyo ingebandikwa langoni kila Ijumaa tangu siku ya kwanza ya ununuzi, kashfa ingekufa ikiwa na umri wa wiki moja. Iliachwa ikakua.

Kisha ikaja 2024, na hii inaniuma zaidi kwa sababu ilitokea ndani ya huo mfumo wa kidijitali tunaosifiwa. Msimu wa kupanda umeanza, wanahabari wa Africa Uncensored wakafichua kwamba miongoni mwa mifuko iliyouzwa kupitia maghala ya umma kulikuwamo isiyostahili kuitwa mbolea. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, akaanza kwa kukana. Shirika la viwango likasimamisha baadhi ya nembo. Mnamo Mei 2 wabunge 149 wakapiga kura ya kumwondoa, na siku chache baadaye kamati ya wabunge 11 ikamsafisha kwa kura 7 dhidi ya 4. Aliondoka Julai, si kwa ajili yetu. Aliondoka pamoja na karibu baraza zima la mawaziri vijana walipoijaza mitaa ya miji. Wizara hiyo tangu hapo imepita kwa Karanja na sasa iko kwa Kagwe. Mahindi yaliyopandiwa vumbi hayakusubiri waziri mpya. Yalikuwa yamekwisha kuwa manjano.

Lakini angalia kilichotokea katikati ya aibu ile. Serikali ikaahidi fidia. Na ili kufidia, ikasema bila hata kupepesa macho kwamba inawajua wote waliochukua mifuko ile, kwa kuwa usajili unaonyesha nani alichukua nini. Ghafla daftari likapatikana! Kabla ya hapo tulikuwa tukiambiwa ni taarifa nyeti, ni mfumo mpana, ni suala la kitaalamu. Serikali ilipohitaji kujiokoa, daftari lilifunguka kwa mbonyezo mmoja. Basi tusidanganyane tena kuhusu ugumu wa kazi hii. Orodha ya mbolea ya Trans Nzoia inaweza kutolewa kesho kabla ya chai ya saa nne.

Naomba mambo manne kwenye orodha hiyo: jina, wadi, idadi ya mifuko, na aina ya mbolea. Ukitaka ongeza ekari zilizosajiliwa, na mimi nitafurahi. Nambari ya simu ibaki kwenu, ya kitambulisho ibaki kwenu. Ibandikwe langoni mwa ghala na kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, wadi kwa wadi, kila mwisho wa wiki wakati wa msimu, na iwekwe mtandaoni kwa ajili ya wale walioko mbali.

Nasisitiza aina ya mbolea, na wenye kulima watanielewa haraka. Udongo wa sehemu kubwa ya kaunti hii umechoka kwa asidi, na mojawapo ya sababu ni miaka mingi ya kuutia DAP ileile kila Machi bila kupumua. Wataalamu wanasema chokaa, chokaa, chokaa. Sawa, chokaa imefika wadi gani? Kiasi gani? Nani aliletewa mbolea inayofaa udongo wake na nani aliletewa iliyobaki kwenye meli? Orodha yenye aina ingetuonyesha kwa siku moja kama vipimo vya udongo tulivyoimbiwa vimewahi kuathiri hata gari moja la mbolea. Na ingetuonyesha jambo jingine ambalo sijaona wizara ikilitamani: hesabu ya majina ya wanawake. Tunajua nani analima kaunti hii. Tunajua palizi inafanywa na nani. Tungependa kuona vocha zinaingia kwenye simu ya nani.

Najua majibu yao, nimeyasikia hadi nayaota.

La kwanza ni faragha. Eti kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, eti mkulima ana siri zake. Sheria hiyo naiheshimu. Ilitungwa ili kampuni za mikopo ya simu zisimpigie mama mkwe wako kukudai. Haikutungwa kuficha matumizi ya hazina, na yenyewe inaruhusu data kutumiwa kwa kazi ya umma. Katiba iko juu yake: kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na cha 201 kinataka fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na kwa kushirikisha watu. Afya yangu ni siri. Deni langu la duka ni siri. Pesa zako zilizoingia shambani kwangu zinakuwaje siri yangu dhidi yako wewe mwenyewe?

La pili linasemwa kwa sauti ya huruma: italeta fitina kijijini. Majirani watagombana. Kweli? Sisi tunaoishi huku, katika vikundi vya WhatsApp vya matanga, tunanakili orodha ya michango asubuhi na jioni, fulani 200, fulani 1,000, fulani ahadi, na harambee haifungwi kabla mweka hazina hajasoma kila jina na kila shilingi mbele ya kadamnasi. Hatujawahi kuchinjana kwa sababu hiyo. Fitina inaanza pale mweka hazina anapokunja karatasi na kusema hesabu iko salama, mniamini.

La tatu halisemwi kwenye kipaza sauti, linanong'onwa: orodha itawaaibisha watu wakubwa. Hilo nalikubali mara moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wenzetu wamepita njia hii. Marekani hulipa wakulima wake ruzuku kubwa mno kuliko yetu, na kule mahakama iliamua mwaka 1996, katika kesi iliyoletwa na gazeti la Washington Post, kwamba majina ya wanaolipwa ruzuku ya pamba yatolewe. Baadaye shirika la Environmental Working Group likapanga malipo ya tangu 1995, kaunti kwa kaunti, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuona jirani yake alipokea dola ngapi. Ndivyo Wamarekani walivyogundua kwamba miongoni mwa wakulima wao maskini wanaohurumiwa na serikali yumo David Rockefeller, yule wa benki, na Scottie Pippen, aliyecheza mpira wa kikapu na Michael Jordan pale Chicago. Sitaki kuwadanganya: orodha haikuzikata ruzuku za matajiri, na bunge lao bado lina marafiki wake. Lakini tangu siku ile hakuna mwanasiasa anayeweza kusema zinaenda kwa mkulima mdogo bila mtu kumwonyesha ukurasa.

Kama Marekani ni mbali na ina pesa, basi nendeni Rajasthan, India, kwa watu wanaofanana na sisi kwa vumbi la miguuni. Katika miaka ya 1990 wanakijiji chini ya chama cha MKSS walidai madaftari ya malipo ya vibarua wa serikali, wakaketi uwanjani, yakasomwa kwa sauti jina baada ya jina. Wafu walikutwa wamelipwa ujira. Watu waliokuwa wamehamia miji ya mbali walikutwa wamechimba visima. Kutoka katika mikutano ile likazaliwa vuguvugu lililozaa sheria ya haki ya kupata habari ya mwaka 2005, na sheria hiyo inazitaka ofisi za umma zichapishe, bila kuombwa, mipango ya ruzuku pamoja na taarifa za wanufaika wake. Wakulima wengi waliopigania hilo hawakujua kusoma. Walichohitaji ni mtu wa kusoma kwa sauti na majirani wa kusikiliza.

Na kwa nini tutafute mbali? Agosti 2022 nchi hii iliweka hadharani fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 vya kupigia kura, kila Mkenya akawa anajumlisha urais kwenye simu yake akinywa chai. Tume ya uchaguzi haikusema ni nyeti. Vituo vya mbali kabisa, mahali ambapo punda hufika kabla ya gari, vilituma picha. Taifa lililoweza kufanya hivyo kwa siku chache linaniambia haliwezi kubandika karatasi za wadi 25 za Trans Nzoia? Aliyehesabu kura yangu hadharani ahesabu mbolea yangu hadharani.

Mheshimiwa Gavana, nawe usikae kando ukituonyesha Nairobi kwa kidole. Ni kweli maghala ni ya bodi ya taifa. Lakini kilimo kiligatuliwa na Katiba ya 2010, maafisa wa kilimo wa wadi ni wako, na bunge la kaunti lina kamati ya kilimo yenye marupurupu. Iagize iombe orodha. Ikinyimwa, tuambie ilinyimwa na nani, lini, kwa barua gani. Madiwani wanaoweza kusafiri kwenda kujifunza usimamizi wa maji ng'ambo wanaweza pia kutembea hadi langoni mwa ghala la Kitale.

Nanyi wakulima wenzangu, msingojee huruma ya mtu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 iko mikononi mwenu, na imeandikwa kana kwamba aliyeiandika aliwahi kupanga foleni ya mbolea. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inasema hivyo. Asiyejua kuandika analisema kwa mdomo na afisa analazimika kuliandika. Huulizwi sababu yako. Hutozwi ada ya kuomba. Gharama ya kunakili karatasi ndiyo pekee inayoweza kukufuata. Afisa ana siku 21 za kujibu. Akikaa kimya au akikataa, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, ambaye sheria imempa nguvu ya kuagiza habari zitolewe.

Andikeni hivi, kwa mkono, kwa jina la kikundi au la mtu mmoja: Kwa Afisa wa Habari, Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala ya orodha ya watu wote waliochukua mbolea ya ruzuku msimu uliopita katika wadi yangu, ikionyesha jina, idadi ya mifuko na aina ya mbolea. Tieni tarehe. Pelekeni nakala mbili, hakikisheni ya kwenu imegongwa muhuri wa kupokelewa, na hesabuni siku 21 kuanzia hapo. Wadi moja ikiandika, barua itapotea kwenye droo. Wadi zote 25 zikiandika wiki moja, kutoka Kwanza, Saboti, Kiminini, Endebess na Cherangany, tutaona droo gani inatosha.